Chuma cha Nyonga ya Bibi

Bibi alivunjika nyonga akiinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nyumbani kwetu Kikwajuni. Hospitali, daktari aliwaonesha ammi zangu, wanawe Bibi, vyuma viwili: bamba la skrubu, na msumari mrefu unaopita ndani ya mfupa. Akasema msumari utamwezesha kusimama mapema. Ammi mkubwa akachagua bamba, eti jirani yake alitiwa bamba akapona. Jirani mwenyewe alivunjika mkono. Nililijua hilo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba Bibi msalani, lakini niliona haya, nikanyamaza.

Bibi akauliza kutoka kitandani, "Kwani mguu huo wa nani, wanangu?"

Daktari akamgeukia. Bibi akachagua msumari.

Mpaka leo nikimwona ammi mkubwa hasira hunipanda, na mimi mwenyewe sijajisamehe.