Gari Lililopenda Milima

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Hakuna aliyempinga, maana kumpinga Bingwa ni kujitafutia mhadhara wa nusu saa, na watu wana kazi zao. Alikuwa dereva wa kampuni ya kufua mashuka: anayachukua machafu hospitalini na hotelini, anayarudisha meupe, yamekunjwa, yananukia sabuni.

Pale kazini walikuwa na mazoea yao. Jioni dereva akifika getini, kabla hajazima injini, anapaza sauti kutaja namba ya mafuta iliyo kwenye dashibodi. "Kumi na moja!" "Kumi na mbili!" Maana yake, kila lita imemsogeza kilomita hizo. Namba kubwa, kichwa juu. Namba ndogo, utataniwa mpaka chai yako ipoe.

Basi likaja gari jipya. Mama Bosi, mwenye kampuni, akasema madereva wake wawili watalijaribu kwa zamu, wiki moja moja, na atakayetumia mafuta vizuri ndiye atakayekabidhiwa. Bingwa alilitaka gari lile mpaka usingizini. La kwake la zamani dirisha lilishikiliwa na bisibisi, na mvua ikinyesha alilowa akiwa ndani.

Wa kwanza alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeitwa Konokono kwa mwendo wake barabarani. Wiki ilipokwisha akaingia getini na sauti ya mgonjwa.

"Nane."

"Ngapi?" Bingwa alisikia vizuri sana, ila alitaka utamu urudiwe.

"Nane, shemeji."

"Gari jipya, nane! Shem, ulikuwa unaliendesha au unalibembeleza lilale?"

Zamu ya Bingwa ikafika. Siku ya kwanza tu akagundua maajabu. Akikanyaga mafuta, namba inapanda. Akipanda mlima na mzigo, inaruka. Akiteremka, inaporomoka mpaka sifuri. Mtu mwingine angejiuliza. Bingwa hakuwa mtu wa kujiuliza, alikuwa mtu wa kueleza.

"Magari ya kisasa hayataki kudekezwa," akawaambia wafuaji. "Yanapenda mlima. Ndiko yanakookoa mafuta."

Akaacha njia ya bondeni, akawa anazungukia kilimani, mguu umeganda kwenye pedali kama umepigiliwa misumari. Mshale wa tangi ulishuka haraka, akausema kuwa ni mwongo. Wastani ukafika kumi na tano. Aliutangaza getini mpaka mlinzi wa jirani akatoka kuangalia nani kaibiwa.

Siku moja kabla ya kukabidhiwa funguo, gari likazima katikati ya mlima wake mpendwa, mashuka ya hospitali yamejaa nyuma. Tangi kavu. Akampigia simu shemeji alete dumu la mafuta, akakaa kusubiri.

Hakuwa na cha kusoma ila dashibodi. Chini ya ile kumi na tano kulikuwa na maandishi madogo: lita kwa kilomita mia. Akayasoma. Akayasoma tena, midomo ikitembea. Pembeni palikuwa na kitufe. Akakibonyeza, maandishi yakawa kilomita kwa lita, na kumi na tano ikawa sita pointi saba. Akabonyeza tena, ikarudi kumi na tano. Ilipendeza zaidi hivyo.

Kumbe lile gari lilikuwa linahesabu linachokunywa. Na nane ya Konokono ndiyo ilikuwa ya mtu mwenye akili.

Konokono akafika na dumu, akamimina taratibu, kama anavyofanya kila kitu.

"Kesho unakabidhiwa, shemeji," akasema. "Hongera. Mimi hata sijui nilikosea wapi."

Hakutania hata kidogo. Angetania, Bingwa angejua la kujibu. Akawasha gari, akapeleka mashuka, akarudi kwa njia ya bondeni.

Getini akabonyeza kitufe, akavuta pumzi.

"Sita pointi saba!"

Mama Bosi akatoka ofisini. "Si jana ilikuwa kumi na tano?"

"Sogeeni hapa niwafundishe," Bingwa akasema, na mhadhara wa nusu saa ukaanza, utadhani kitufe kile alikivumbua yeye.

Konokono akapewa gari jipya. Bingwa akarudi kwenye bisibisi yake. Jioni Konokono akitaja nane yake kwa sauti ya mtu aliyepona, mwenzake hamwachi aimalize:

"Sema ukweli, shem. Nani alikufundisha kuisoma?"