Kitabu Nyuma ya Kamusi

Enzi zetu Nakuru, kadi ya maktaba ilikuwa ya wakubwa. Sisi watoto tulisomea humo humo, na saa ya kufunga ikifika unarudisha kitabu hata kama umefika mahali patamu. Mlangoni alikaa mama mmoja wa sweta ya kijani. "Onyesha mikono," alikuwa akisema. "Hapa si shamba la viazi."

Mimi nilitoka shamba la viazi kweli. Tulikuwa tumehamia mtaa wa Rhonda kutoka Kuresoi, na watoto wa ploti tuliyopanga walinicheka gambuti zangu hadi nikaacha kutoka nje kucheza. Maktaba pekee ndiyo haikunicheka. Ilinukia rangi ya sakafu na sweta zilizonyeshewa.

Kama wajanja wote, nilificha kitabu changu nyuma ya kamusi kubwa ambayo hakuna aliyeigusa, nikaweka ganda la hindi kwenye ukurasa niliofikia. Siku moja nikakuta unyoya wa kuku kurasa chache mbele ya ganda langu. Nilikasirika sana. Mtu alikuwa anasoma kitabu changu! Lakini nilipougua nikakosa kwenda siku tatu, nilirudi nikakuta unyoya haujasonga. Mtu alikuwa ananingoja. Tangu tuhamie mjini, hakuna aliyewahi kuningoja.

Jumamosi moja nikamkuta msichana ameingiza mkono nyuma ya kamusi. "Kumbe ni wewe unanichelewesha?" akasema. Aliitwa Nyambura. Tulimaliza kitabu bega kwa bega, yeye akisubiri niitikie kwa kichwa ndipo afunue ukurasa. Kwao nikala mukimo, na mama yake akanibatiza "yule wa vitabu". Gambuti hakuzitaja mtu.

Leo naishi Lanet, nyuma ya geti. Jirani namjua kwa honi ya gari lake. Mwanangu ana marafiki tele kwenye simu, lakini muulize ni nani angemngoja siku tatu, atakuuliza kama bando imeisha. Nyambura alihama na familia yake tukiwa darasa la saba, na sijui aliko.

Wiki jana nilipita maktaba. Vijana walikuwa wamejaa, kila mmoja na earphone zake, wakichaji simu. Kamusi ipo bado. Nikaingiza mkono nyuma yake, nikapata vumbi.

"Mathe, unatafuta nini hapo?" kijana wa zamu akaniuliza.

Nikamwambia kitabu. Ningemwelezaje kwamba namtafuta mtu?