Nilivyomfanya Jirani Yangu Mjane

Huku kwetu Rusizi, upande wa Rwanda, mtu akifa, ndugu zake huweka picha yake kwenye status za simu zao. Wengi wetu tulikulia Kongo na nusu ya ukoo bado iko Bukavu, kwa hiyo misiba mingi tunaiona kwenye kioo kabla ya kupigiwa.

Asubuhi ile nilikuwa jikoni, Gihundwe, nikaona binti wa jirani yangu, aliyeolewa Bukavu, ameweka picha ya baba yake akiwa amevaa suti. Chini yake: "Papa, tunakupenda." Moyo ukanipiga paa! Mzee alikuwa ametoka alfajiri hiyo hiyo kuvuka Rusizi ya Pili, mpaka wa Kongo tunaouita frontière. Hata chai sikuipua, nikaandika kwenye grupu la kwaya: mzee wetu ametutoka. Niseme ukweli, niliumia, ila pia nilitaka kuwa wa kwanza kusema.

Kwaya yetu haichelewi msibani. Kabla sijabadilisha kitenge, akina mama wa sauti ya kwanza walishafika uani kwa jirani na mikeka yao, wakiimba. Nilipofika, jirani mwenyewe, mke wa mzee, alikuwa anachambua maharage. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza ni nani amekufa, na sote tukainamisha vichwa. Alipoelewa, aliketi chini kwenye udongo. Simu ya mumewe haikupatikana, ya binti haikupokelewa. Tulilia naye mpaka adhuhuri.

Ndipo pikipiki ikasimama, mzee akashuka. Alipoona mikeka alivua kofia, akauliza kwa upole:

"Poleni sana. Ni nani tumepoteza?"

Kumbe picha ile ilikuwa ya siku yake ya kuzaliwa, hata yeye alikuwa ameisahau. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa aibu. Mkewe hakucheka. Alishika shati la mumewe na hakuliachia.

Baadaye niliomba radhi kwenye grupu, nikatumiwa mioyo mingi myekundu. Nikajiona nimemaliza, mpaka nilipokumbuka kwamba simu ya jirani ni ile ya vitufe, hayumo kwenye grupu lolote. Nikavuka uzio. Ni hatua ishirini, hazizidi.

"Maman, unisamehe," nikamwambia.

Alinisogezea kiti kwanza, ndivyo alivyo.

"Niko hapa pembeni yako miaka yote," akasema. "Juu ya nini haukukuya kuniuliza? Sasa kila mara Papa anachelewa ku frontière, nasikia munaimba."