Maganda Matatu ya Mzee Cyrus

Saa moja asubuhi, Oktoba 2006, mjini Champlin. Nyuma ya duka la bunduki, Chacha Mwita anaingiza waya wenye ncha iliyopindwa ndani ya ganda tupu la risasi. Waya unakwama kwenye mfuo karibu na kitako, dalili kwamba ganda linaelekea kupasuka.

"Limekwisha hili," anasema, akiliponda kwa koleo lisitumike tena.

Ni la kumi na saba kati ya ishirini.

Chacha (51) hujaza upya risasi za wawindaji. Maganda haya, pamoja na bunduki moja, aliachiwa na marehemu Mzee Cyrus, mwenye duka aliyempokea mwaka 1984, Chacha akiwa mwanafunzi kutoka Tarime aliyeishiwa ada ughaibuni. Chacha alianza kwa kufagia.

"Alikuwa mkali, lakini kahawa yangu akiipika mwenyewe. Namkumbuka mno," anasema.

Cyrus alikuwa na sharti moja: ganda lipimwe ndani ya bunduki itakayolipiga. Mashine ya kujazia ikilibana kupita kiasi, bega lake, pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomoni, hushuka, likacheza ndani ya chemba, tundu la bunduki linamokaa. Kila likipigwa hutanuka, ukuta wake karibu na kitako ukawa mwembamba, na siku moja hupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Chacha anayajua hayo hata usingizini. Lakini misimu miwili mfululizo, wateja wakiwa wengi, alikaza kalibu, kile chuma cha mashine kinachobana ganda, mpaka mwisho bila kupima.

"Risasi za mteja nisingethubutu. Zangu mwenyewe nikazifanya harakaharaka. Majuto ni mjukuu."

Kinachomuuma zaidi ni ahadi. Susan, mjane wa Cyrus mwenye miaka 78, aliomba kuipiga bunduki ya mumewe kwa mara ya mwisho, kwa maganda yake yale yale, siku ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu, naye Chacha akakubali.

Matatu yamepona kwa kuwa yalibaki kwenye kopo, hayajaguswa tangu mzee afariki. Chacha analegeza kalibu, kisha anaikaza kidogo kidogo mpaka, ganda likiwa ndani, komeo la bunduki lifunge kwa mguso mwepesi.

Anampigia Susan simu, anakiri kosa lake. Kisha Chacha anacheka, macho yamejaa machozi.

"Anasema Cyrus hakuwahi kuhitaji zaidi ya risasi moja kumwangusha kulungu!"

Jumamosi ya kwanza ya Novemba, msimu unapofunguliwa, wataelekea kaskazini na chupa ya kahawa.

"Mbili atapiga yeye," anasema Chacha. "Ya tatu nitarudi nayo nyumbani, iwe kumbukumbu ya mzee."