Kina Mama Wenye Sifuri

Mwaka ule sukari na sabuni zilipatikana kwa kujuana, na mtu akikusalimia kwa uchangamfu sana ulijiuliza anataka nini. Skolastika, karani wa stoo ya mbegu pale Maisaka, alikuwa hivyo tangu zamani. Hakumwamini mtu aliyecheka kabla ya kuketi.

Basi Bwana Eustace wa ushirika aliporudi masomoni na kompyuta ya wafadhili, akaiwasha kwa jenereta na kucheka peke yake mbele ya kioo chake, Skolastika alimtilia shaka papo hapo. Eustace akamweleza kwamba programu ameiandika mwenyewe, kwa lugha iitwayo C: printf ndiyo inayosema, scanf ndiyo inayosikiliza. Mashine itauliza jina, kisha madebe ya maharage ambayo mkulima ameleta kubadilishana na mbegu. Kazi yake Skolastika ni kujibu tu.

Akajibu wiki nzima. Wanaume aliwaandika kwa majina ya ubatizo, Aniceti, Romanus. Wanawake hakuthubutu, mwanamke mwenye watoto haitwi jina lake kama mtoto wa shule. Aliandika Mama Fabiola, Mama Wolfgang, kwa heshima zote.

Siku ya kugawa mbegu, mashine ilitoa majina ya wanaume na madebe yao sawasawa. Kwa wanawake ilitoa Mama, sifuri. Mama, sifuri. Mama, sifuri, mpaka chini.

Minong'ono ikaanza, yote ikimwelekea Skolastika, maana vidole vilivyoandika vilikuwa vyake. Mwenyekiti wa ushirika akasema, bila kupandisha sauti, kwamba asipojieleza hapo atakwenda kujieleza polisi. Na miaka ile, aliyeitwa mhujumu alibaki na jina hilo hata akiachiwa. Skolastika aliogopa. Ni huyu, alijisemea akimtazama Eustace, huyu anayecheka ovyo.

Eustace akaandika jina lake mwenyewe na madebe matatu. Yakatoka matatu.

"Mashine haina kosa," alisema, akiwa amempa Skolastika mgongo.

Mama Fabiola akapenya hadi mezani. "Niandikeni mimi, nikiwa naona."

Skolastika akaandika mbele ya macho yake: Mama Fabiola, madebe manne. Ikatoka Mama, sifuri.

Eustace akaipitia programu yake mstari kwa mstari, kisha akakiri mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake. Aliijaribu kwa jina lake tu, neno moja. Ile scanf yake ikikuta nafasi baada ya neno, hudhani jina limekwisha. Mama anaingia, Fabiola anabaki mlangoni. Mashine ikija kudai namba inamkuta Fabiola, haimwelewi, na madebe yanabaki sifuri. Akaiondoa, akaweka fgets, inayopokea mstari mzima, na printf ya kurudia kilichosikika.

Wanawake wakaandikwa upya, kila mmoja akitaja madebe yake, na hakuna aliyesadikiwa mpaka jirani yake aape. Mama Fabiola alitangulia. Skolastika, aliyempelekea kuni na uji kila alipojifungua, akampimia mbegu, akaufunga mfuko, akangoja walau neno pole.

Mama Fabiola aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaufungua palepale mezani, akaingiza mkono hadi chini, akapapasa kuona kama hamna mchanga.