Keki Nyeusi ya Mama na Boksi la Shangazi

Asali ikipashwa moto hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya maua, nayo haikai. Ya pili huja povu linapopanda na rangi inapoanza kukolea. Ni nzito, ina uchungu kidogo ndani ya utamu. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifikia mwezi uliopita nikiwa ukumbini, Singida Mjini, kwenye harusi ya mjukuu wa Shangazi Sesilia.

Mshereheshaji alitutangazia kwamba baada ya chakula tutaletewa kitu cha pekee, keki ya asali, ya kisasa. Watu wakapiga makofi. Wahudumu wakapita na visahani, kila kimoja na kipande chembamba cha rangi ya kahawia, asali imechirizwa juu yake kama saini. Mimi sikupiga makofi. Naomba nieleze kwa nini, na nieleze kwa mpangilio, maana nimeikalia hasira hii muda mrefu na sitaki ianze kunipotosha sasa.

Nilikulia upande wa Mkiwa, si mbali na pale barabara ya Itigi inapochepuka. Baba alikuwa na mizinga ya magogo msituni, kwa hiyo asali kwetu haikuwa anasa. Ilikaa kwenye ndoo nyuma ya mlango, ikatumika kwenye uji, kwenye kikohozi na kwenye kidonda. Anasa ilikuwa sukari. Sukari ilitoka dukani, ikafungwa kwenye karatasi, ikatolewa akija mgeni. Mgeni akipewa chai ya asali, mwenye nyumba aliomba radhi.

Mama alikuwa amejifunza kuoka keki akiwa msichana, alipokuwa akisaidia jikoni kwa masista. Kule kulikuwa na oveni na sukari. Kwetu hakukuwa na kimoja wala kingine, hivyo akaigeuza keki ifuate nyumba yake. Alipasha asali mpaka harufu ya pili, kisha akaiacha ipoe kabisa, kwa sababu ikiingia na moto wake mayai huiva kabla ya wakati. Mayai yalikuwa ya kuku wetu, mafuta yalikuwa ya alizeti yetu, na unga wa ngano tu ndio ulionunuliwa. Sufuria ilikaa juu ya mkaa mchache, na juu ya mfuniko wa bati akapanga mkaa mwingi zaidi. Keki ilitoka nyeusi yenye wekundu, na ufa katikati, na ukiikata iling'ang'ania kisu. Tuliila Krismasi na Pasaka, na sisi watoto tulilamba vidole mpaka tukagombezwa.

Mwaka niliopata kipaimara, mama aliniokea kubwa kuliko zote. Sherehe za kwetu zina sheria ya keki, na mpaka leo sijaona ikibadilika: mwenye sherehe anakata, kisha anawalisha watu mmoja mmoja kwa mkono wake, mshereheshaji akiwaita kwa kufuata ukubwa wao. Nani ameitwa, na ameitwa kabla ya nani, kila mtu anaangalia. Ukitaka kujua ukoo umepangwaje, huna haja ya kuuliza. Subiri keki.

Nilimwambia mama kwamba kipande cha kwanza ni chake. Akacheka. "Cha kwanza ni cha Padri," alisema. "Mimi utanilisha zamu yangu ikifika, na nitafungua mdomo mpaka waone pengo la jino lililong'oka." Nilikwenda kanisani asubuhi ile nikiwaza pengo hilo kuliko nilivyowaza mafuta matakatifu.

Tuliporudi tukamkuta Shangazi Sesilia, dada mkubwa wa baba, ameshuka kwenye basi kutoka mjini na boksi jeupe. Ndani mlikuwa na keki iliyopakwa sukari nyeupe, ngumu kama chokaa, na maua mekundu juu yake. Njiani ilikuwa imepasuka, naye akalihamisha ua moja kuziba ufa. Akaiweka mezani katikati. Kisha akaitazama ya mama.

"Wifi, hiyo nyeusi iache huko jikoni," alisema. "Mbele ya Padri tusiaibishane."

"Mtoto ameizoea hii, wifi."

"Atazoea na nyingine. Watu watasema kaka yangu ameshindwa hata kilo moja ya sukari."

Padri alikuwa ameshaingia uani, kwa hiyo Shangazi akamalizia kwa Kinyaturu ili mgeni asielewe, na maneno hayo sitayaandika. Baba, ambaye asali ile ilitoka kwenye mizinga yake, alisema tu kwamba dada yake ametoka nayo mbali. Mama akaichukua keki yake, akaifunika kwa kanga, akaenda nayo jikoni na kubaki huko.

Nikakata ile nyeupe. Nikamlisha Padri, nikamlisha katekista, nikamlisha mwenyekiti wa kijiji, nikamlisha Shangazi, ambaye alishangiliwa kama ndiye aliyepata kipaimara, kisha baba, kisha baba wadogo. Mshereheshaji alikuwa anakaribia kufunga shughuli aliposikika mama mmoja, jirani yetu, akiuliza kutoka nyuma, "Na aliyemzaa je?" Watu wakacheka. Wakamwita mama.

Alikuja akifuta mikono, ananuka moshi, ana masizi kwenye kiwiko. Alisimama mbele yangu akafungua mdomo kidogo tu, kama mtu anayepewa dawa. Pengo halikuonekana. Nikamlisha mama yangu keki ya Shangazi. Alitafuna, akameza, akasema, "Asante, mwanangu." Makofi yakapigwa.

Hapo ningeweza kusamehe. Mtu anaweza kuwa na ladha tofauti na yako. Lakini jioni, basi la kurudi mjini lilipokaribia, Shangazi alikwenda jikoni na boksi lake tupu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu, nikisubiri ugeni uondoke tuikate ya kwetu. Akafunua kanga, akainusa keki, akasema, "Hii nifungie, wifi. Watoto wangu wanaipenda sana."

Nilisimama. Mama alinishika bega na kunikalisha. Akaiingiza keki nzima kwenye boksi jeupe kwa mikono yake, akalifunga kwa kamba ya katani, na akalibeba boksi mwenyewe mpaka barabarani, kwa sababu wifi mkubwa habebi mzigo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Shangazi aliiona keki ile ni mbaya. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipokubali kile ambacho macho yangu yaliona jikoni: aliijua ni tamu. Hakuna anayeomba kufungiwa kitu asichokipenda. Aliificha kwa sababu ilitoka kwenye ndoo nyuma ya mlango wetu, na kwake, na kwa baba, na kwa wote waliokaa uani siku ile, kitu kilichotoka nyuma ya mlango wetu hakikuweza kuwa heshima kwa mtu. Kilifaa kuliwa gizani na kubebwa kwenye boksi la kitu kingine.

Sasa kisahani kilikuwa mbele yangu ukumbini. Shangazi, mzee sasa, aliketi meza ya jirani, amemaliza kipande chake na ameletewa cha pili. Aliniona sijagusa changu.

"Kula, mwanangu. Hizi ndizo keki za siku hizi."

"Naijua, Shangazi."

"Utaijulia wapi?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa amesahau, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu ninayempa shikamoo habishiwi mbele ya wageni wake. Nikakifunga kipande changu kwenye karatasi ya kufutia mikono.

Kesho yake nikapanda basi mpaka kwa mama. Miguu yake haimruhusu tena kwenda harusini. Alikinusa kile kipande kabla sijamwambia chochote, akanitazama. Nikamwomba nimlishe kwa mkono. Akacheka, akafungua mdomo wote, na mapengo sasa ni mengi.

Alitafuna taratibu. "Shangazi yako alikula?"

"Alikula viwili."

Mama alikusanya makombo kwenye upindo wa kanga yake.

"Angesema tu siku ile," alisema. "Mbele ya Padri."

Miaka yote nilidhani ile asante yake ilimaliza mambo, kwamba alimeza na yakaisha, na kwamba mwenye hasira nyumbani kwetu nilikuwa mimi peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili.