Mfuko wa Njano wa Mama Bei

Jirani yetu tunamwita Mama Bei, na hakuna mtu mtaani anayethubutu kununua sabuni bila kumuuliza. Maduka makubwa ya bei nafuu tunayo mawili, yanatazamana barabarani kama mawifi waliogombana, na yeye alishatoa hukumu: la kushoto ndilo rahisi. "Huko kulia mnalipia taa na kiyoyozi," hutuambia, huku akiupigapiga mfuko wa njano wa duka la kushoto, ule ule siku zote, anaoubana kwapani kama kitambulisho. Ukikutwa umetoka kulia atakusema hadi watoto wako wahurumiwe. Ukuta wetu ni mmoja, na jioni kwake nasikia redio tu.

Jana mvua ilinikimbizia ndani ya duka la kulia, nikamkuta. Alikuwa kwenye foleni ndefu kuliko zote. Keshia wa pembeni, asiye na mteja, alimwita mara mbili, naye akajifanya kupanga kilemba. Zamu yake ilipofika, keshia wake akatabasamu. "Shikamoo mama, goti linaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Acha tu, jana lilininyima usingizi..."

Akalieleza goti lote, kwa sauti laini nisiyoijua, na mkate mmoja mezani. Kisha akautumbukiza mkate kwenye mfuko wa njano, akageuka, akaniona.

"Wewe! Umenikuta wapi?"

"Duka la kushoto, mama."

Akanitazama kidogo, akanipa mfuko nimbebee.